Saladi ya Kushibisha Huanzia kwenye Magunia

Mezani kwa watu wengi wa Dar es Salaam, saladi hupewa pembe ya sahani. Katikati pana pilau au nyama choma, ukingoni kijiko cha kachumbari na vipande viwili vitatu vya tango, basi. Kachumbari hiyo naipenda na pilau bila hiyo naiona pungufu. Lakini kuna siku wageni wameongezeka, nyama ni kilo mbili na jiko la mkaa ni moja. Siku hiyo sinia la saladi iliyopangwa vizuri linaweza kubeba nusu ya mlo, na hakuna atakayeondoka akitafuta chipsi njiani. Anayekaa mjini, iwe Gerezani, Kisutu, Upanga au Jangwani, ana bahati zaidi: Kariakoo iko jirani, na kila kinachohitajika kinauzwa humo kwa fungu, kwa kilo au kwa sado.

1. Pita kwenye magunia kabla ya mafungu

Tukifikiria saladi, wengi tunakwenda moja kwa moja kwa muuza nyanya. Geuza njia. Nenda kwanza kwenye maduka ya nafaka, ndipo umalizie kwenye mboga. Majani na matango yanaburudisha, ila hayamshibishi mtoto aliyeshinda anacheza mpira wala baba aliyetoka kazini. Gramu 100 za dengu zilizopikwa zina karibu gramu 9 za protini na zaidi ya gramu 7 za nyuzinyuzi, wakati tango la uzito huo karibu lote ni maji. Nyuzinyuzi na protini ndizo zinazomfanya mtu akae saa kadhaa bila kuulizia chakula.

Soko Kuu la Kariakoo, alilolichora msanifu majengo Beda Amuli na likafunguliwa mwaka 1975, lilijengwa likiwa na sehemu ya chini ya ardhi ambayo wenyeji wanaiita Shimoni. Moto wa Julai 2021 uliwatawanya wafanyabiashara wake, lakini mitaa inayolizunguka haikuacha kuuza vyakula, na humo utakuta magunia yamefunguliwa midomo: dengu, choroko, kunde, mbaazi na maharage ya kila rangi. Haya ndiyo uti wa mgongo wa saladi yako.

Kila moja ina tabia yake. Dengu, nyingi zikitoka Shinyanga na Kanda ya Ziwa, ni hodari kuliko zote: zinaiva bila kupondeka na zinapenda ndimu. Kunde zinaiva upesi na zina ladha ya udongo mtamu. Choroko hazihitaji hata kulowekwa, ila ukizisahau jikoni zinageuka uji, kwa hiyo simama karibu. Maharage mekundu hushika umbo kuliko ya njano. Ya njano yaache kwa ajili ya kuunga na nazi.

Mbaazi nazitetea kwa nguvu. Wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara wanazilima kwa wingi, na sehemu kubwa huuzwa India. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazoagiza, bei ilianguka na wakulima wakaumia. Sisi wa mjini tumezizoea asubuhi, zikiwa na nazi na chapati, kisha tunazisahau hadi kesho. Zichemshe ziive lakini zisivurugike, uzichanganye na kitunguu, embe bichi na pilipili: mlo wa mchana umepatikana.

Unapochagua, muulize muuzaji bila haya: "Kaka, hizi ni za msimu huu?" Zilizokaa sana ghalani huchukua saa nyingi jikoni na kumaliza mkaa. Chota kiganjani utazame. Ukiona vitobo, zimebunguliwa. Ukiona ngozi imefifia na kujikunja, sogea duka la pili.

2. Loweka jioni, na magadi yaache kabatini

Loweka usiku kucha, maji yazidi mara tatu ya dengu au maharage. Kwa joto la Dar, hasa Desemba hadi Machi, maji hayo yanaweza kuanza kutoa povu na harufu ya uchachu kabla ya alfajiri. Yabadilishe kabla ya kulala, au weka chombo kwenye friji kama kuna nafasi. Asubuhi mwaga maji yale, suuza, bandika kwa maji mapya.

Maharage, hasa mekundu, yanataka uangalifu. Yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, na moto mdogo hauiondoi. Yaache yachemke kwa nguvu, maji yakirukaruka, dakika 10 kamili au zaidi, ndipo upunguze moto hadi yaive. Usionje yakiwa nusu nusu.

Magadi tunayoyatumia kulainisha maharage ya kula na ugali hayafai hapa. Yanapasua ngozi, na saladi yenye maharage yaliyopasuka huwa tope. Bora uongeze dakika ishirini jikoni. Yakikaribia kuiva tia chumvi, epua, chuja, na yakingali na uvuguvugu yamwagie ndimu na mafuta kidogo. Chakula chenye joto hunyonya ladha. Kilichopoa kinaiacha ielee juu.

Kwa hesabu ya haraka, nusu kilo ya dengu kavu hukupa zaidi ya kilo moja iliyoiva. Hiyo, ikiunganishwa na viazi na mboga, inatosha watu kumi.

3. Maji ni sehemu ya mapishi

Hapa sitanii hata kidogo. Saladi inaliwa bila kupita motoni, na jiji letu limekwisha kuugua kipindupindu zaidi ya mara moja. Mlipuko ulioanza Agosti 2015 hapa Dar es Salaam ulisambaa hadi mikoani. Sehemu ya mboga za majani zinazouzwa mjini hulimwa kwenye bustani za kandokando ya Mto Msimbazi, na mto huo hupokea maji machafu ya viwandani na majumbani. Mchicha wa kupika unapata moto. Jani la saladi au giligilani halipati.

Osha jani moja moja, si fungu zima likiwa limefungwa. Anza na maji yanayotiririka kuondoa mchanga, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi. Siki na chumvi hazichukui nafasi ya hayo. Tango na karoti zioshe kwanza, ndipo uzimenye, maana kisu hubeba uchafu wa ganda kuupeleka ndani. Ukiwa na shaka na majani, chagua kabichi: majani ya nje unayatupa, ya ndani yamefungwa vizuri, na yanashibisha kuliko majani ya saladi.

Kisamvu na matembele visiingie bakulini vikiwa vibichi. Kisamvu kibichi kina sumu. Kazi yake ni kutwangwa na kupikwa hadi kiive kabisa.

4. Kitunguu kifikiche

Kitunguu kikali kinaweza kuharibu sinia zima, na watoto watakitoa kimoja kimoja kwa vidole. Kikate chembamba, tia chumvi kijiko kimoja, kifikiche kwa mkono mpaka kilegee na kutoa maji, kisha suuza mara mbili na ukikamue. Bibi yeyote wa mjini anajua hilo. Ukimaliza kiloweke kwenye ndimu dakika kumi. Kitapata rangi nzuri ya waridi na kitakuwa kitamu kiasi cha kuliwa chenyewe tu. Vitunguu vya Mang'ola, Singida na Ruaha Mbuyuni vinajaa mjini, na vyekundu vigumu ndivyo vya saladi.

5. Ondoa maji kabla maji hayajakuondolea ladha

Saladi nyingi za sherehe hufa kwa kuogelea. Saa mbili baada ya kuandaliwa, chini ya bakuli pana ziwa, na juu mboga zimelegea. Chumvi ndiyo inayovuta maji kutoka kwenye nyanya na tango, kwa hiyo yavute mapema kwa makusudi. Pasua nyanya, toa mbegu na rojo yake (iweke ya kupikia mchuzi), kata vipande vikubwa, nyunyiza chumvi, ziache kwenye chujio robo saa. Tango nalo vivyo hivyo. Chagua nyanya ngumu zenye nyama nene. Zilizoiva sana ni za rosti. Kabichi ikate nyembamba sana, uifikiche na chumvi na ndimu mpaka ipungue ujazo. Hapo ndipo itakaposhikamana na dengu badala ya kuzikimbia.

6. Viazi, mihogo na ndizi: tumbo linavijua

Baada ya magunia, kituo cha pili ni mizizi. Viazi mviringo vya Njombe na Mbeya vibandike kwenye maji baridi yenye chumvi, na maganda yake, viive taratibu mpaka ndani. Ukivitia kwenye maji yanayochemka, nje vitapasuka ndani vikiwa vigumu. Vimenye vikiwa vya moto kiasi cha kuvumilika, kata vipande vya kujaza kijiko, mwagia siki na chumvi papo hapo. Mafuta yaje baadaye, kwa sababu yakitangulia yanazuia siki kuingia.

Saladi ya viazi si lazima iwe na mayonezi. Kwa siku ya jua, naiona iliyo na mafuta ya alizeti, siki, haradali kidogo, kitunguu kilichofikichwa na mayai ya kuchemsha kuwa bora na salama zaidi. Mayai sita kwa kilo mbili za viazi, kila moja likikatwa vipande vinne, na tayari una mlo wa Jumapili usiohitaji nyama.

Mihogo nayo ina haki yake. Watu wa ufukwe wa Coco Beach wamethibitisha miaka yote kwamba muhogo, kachumbari na pilipili vinapendana. Ya saladi chemsha ile mitamu, laini, isiyo na nyuzi. Toa uzi wa katikati, kata, unyunyize ndimu ikiwa na moto. Ichanganye na kunde na nazi iliyokunwa na kukaangwa kidogo bila mafuta. Ndizi mzuzu zisubiri kidokezo cha nane.

7. Jifunze kwa chana bateta

Katikati ya jiji, maeneo ya Kisutu na Upanga, familia zenye asili ya Kihindi zimekuwa zikila dengu na viazi bakuli moja tangu zamani, kwenye rojo ya ukwaju yenye pilipili, na juu vitu vya kukaanga vinavyolia mdomoni. Chakula hicho ndicho chana bateta, na kimeshavuka mipaka ya jamii hiyo. Ni chakula cha Dar sasa. Mpangilio wake ni darasa kamili la saladi ya kushibisha: kuna dengu kwa nguvu, viazi kwa kujaza, ukwaju kwa ukali, chatne kwa moto na kitu kikavu cha kutafuna. Hakuna kilichowekwa kwa urembo.

Ukiipunguzia rojo na kuiacha ipoe, unapata sinia la kupeleka popote. Kwa watu kumi: nusu kilo ya dengu kavu, kilo moja na nusu ya viazi, vitunguu viwili vikubwa, nyanya nne zilizotolewa mbegu, embe bichi moja kama msimu unaruhusu, fungu la giligilani, na pilipili mbuzi moja iliyokatwa ndogo sana.

Loweka gramu 100 za ukwaju kwenye kikombe cha maji ya moto kwa nusu saa, vinya, chuja. Weka motoni na kijiko kimoja kikubwa cha sukari guru, chumvi, na kijiko cha chai cha bizari nyembamba uliyoikaanga kavu mpaka inukie kisha ukaitwanga. Ichemke dakika tano, iwe nzito kidogo. Mwaga nusu yake juu ya dengu na viazi vikingali na joto. Acha vikae. Nusu nyingine changanya na kitunguu, nyanya na embe wakati wa kuandaa. Giligilani mwisho kabisa, na juu ya yote chevda au vipande vya kachori vilivyovunjwavunjwa, dakika ile ile mnapokaa kula.

Ukiniuliza saladi moja ya kuanza nayo kati ya zote humu, ni hii.

8. Moto wa mkaa usisubiri nyama

Siku ya kuchoma, iwe uani kwenye nyumba ya zamani ya Kiswahili au juu ya paa la ghorofa, mkaa ukishakolea tunaharakisha kutandaza mbuzi na mishkaki. Toa dakika ishirini za kwanza kwa mboga. Wavu ungali safi, hauna mafuta ya nyama, na hilo lina maana kubwa kwa wageni wasiokula nyama, ambao mjini hapa si wachache.

Choma mahindi mabichi kwanza. Kila kona ya mji yanachomwa na kupakwa ndimu, chumvi na pilipili. Wewe yapukuchue kwa kisu na uyaweke kwenye bakuli la maharage mekundu. Moshi wa mahindi hayo utaenea saladi nzima. Hoho zichome mpaka ngozi iwe nyeusi, zifunike kwenye sufuria dakika kumi, kisha ngozi itatoka yenyewe. Bilinganya zikate mapande manene, zipake mafuta na chumvi. Nyanya chungu zipasue katikati; uchungu wake ukikutana na moto na ndimu hupoa, na wazee huzipenda sana. Ndizi mzuzu zilizoiva zichome na maganda yake mpaka zilainike, menya, kata, zichanganye na njegere za kuchemsha na kitunguu. Utamu wake ukae karibu na nyama yenye chumvi nyingi.

Hata vipande vya nanasi vinakubali wavu. Vichome upesi, moto mkali, vigeuze mara moja.

Jambo moja lisilojadiliwa: kibao na kisu vilivyokata nyama mbichi visiguse saladi. Tenga kibao cha mboga, na kama ni kimoja tu, kata mboga kwanza. Bakuli lililolaza nyama kwenye tangawizi na papai lisirudi mezani bila kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto.

9. Sosi tatu zinatosha mwaka mzima

Wazungu hupenda mafuta sehemu tatu kwa siki sehemu moja. Kwa ulimi wa pwani hiyo imepooza. Mafuta sehemu mbili kwa ndimu sehemu moja ndiyo inayotupendeza, na alizeti ya Singida au Dodoma inafaa kabisa. Hakuna haja ya kununua zeituni kwa bei ya kuumiza.

Ya kwanza ni hiyo: mafuta, ndimu, chumvi, kitunguu saumu kilichotwangwa, pilipili manga. Inafaa karibu kila kitu.

Ya pili ni karanga. Chukua vijiko vinne vya karanga zilizosagwa, zisizo na sukari, koroga na maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka iteleze, tia ndimu, chumvi na tangawizi. Kabichi, karoti na choroko vinaitaka sosi hii. Uliza kwanza kama yupo mwenye mzio wa karanga.

Ya tatu ni mtindi mzito, chumvi, bizari nyembamba na tango lililokwaruzwa na kukamuliwa. Iwekwe baridi mpaka dakika ya kula. Inaendana na dengu na mishkaki.

Tui la nazi ni zuri lakini halivumilii joto la mchana likiwa halijapikwa. Litumie kwa saladi inayoliwa papo hapo.

10. Kitu cha kulia mdomoni

Saladi laini tupu inachosha baada ya vijiko vitano, mtu akaacha akidhani ameshiba. Tafuta kitu kikavu. Korosho za Mtwara zilizovunjika huuzwa kwa bei nafuu kuliko nzima, na kwa kuwa utazivunja mwenyewe, nunua hizo. Karanga zilizokaangwa, ufuta, mbegu za maboga, vyote vinafaa. Chaguo langu ni dagaa: watoe vichwa, waoshe, wakaushe, wakaange kwa mafuta kidogo mpaka wawe wakavu kabisa, nyunyiza pilipili na ndimu, mwaga juu ya saladi ya kunde na mihogo. Protini imeongezeka kwa gharama ndogo sana, na hata watoto wanaokataa dagaa wa mchuzi huwatafuna hawa.

Ukipita soko la samaki la Feri asubuhi, pweza nao wanafaa sana kwa saladi ya viazi. Chemsha taratibu mpaka walainike, kata vipande vidogo, ndimu, pilipili, kitunguu. Pweza mmoja wa kilo moja na nusu, viazi kilo mbili: familia nzima.

11. Joto la Dar halina huruma

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likivuka nyuzi 32, saa moja. Kwa jiji letu miezi ya kiangazi hiyo ndiyo hali ya kawaida, kwa hiyo panga kwa saa moja. Umeme ukikatika, friji iliyofungwa hubaki baridi kwa saa kama nne; usiifungue kila dakika kuchungulia.

Mkivuka kwenda Kigamboni au mkishuka ufukweni, chukua deli na barafu. Dengu zilizokolezwa ukwaju, viazi vya siki na kabichi yenye ndimu husafiri vizuri. Mayonezi, mtindi na mayai vikae juu ya barafu au vibaki nyumbani. Parachichi likatwe pale pale mnapokula, maana linabadilika rangi haraka hata ukilimwagia ndimu. Beba vitu vitatu tofauti, vichanganywe huko: mseto wa dengu au viazi, mboga zilizochujwa maji, na chupa ya sosi.

Wali kiporo ni mzuri kwa saladi, kwa sharti kwamba ulipoozwa haraka jana yake, ukitandazwa kwenye sinia na kuwekwa kwenye friji ndani ya saa moja. Uliolala sufuriani jikoni usiuingize. Kuupasha moto hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa na bakteria.

12. Sokoni nenda na mpango

Fika asubuhi, kabla ya jua kupanda na kabla nyanya hazijabonyezwa na kila mkono. Basi la mwendokasi linakushusha Msimbazi au Gerezani. Beba kikapu kigumu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na kibebeo chepesi cha dukani hakiwezi kumlinda mtu na nyanya zake kwenye msongamano wa Mtaa wa Kongo. Dengu na viazi chini, kabichi katikati, nyanya na giligilani juu. Parachichi za Njombe au Rungwe nunua ngumu siku tatu kabla na uziache zijiivie ndani ya karatasi. Ukimwambia mama wa mboga, "Mama, nataka za kula kesho kutwa," atakuchagulia, na mara nyingi anajua kuliko wewe na mimi.

Usinunue vitu kumi na tano. Saladi nzuri ina kitu kimoja cha gunia, kimoja cha mzizi au nafaka, mboga mbili au tatu, sosi na kitu cha kutafuna.

13. Kiporo cha saladi kina kazi asubuhi

Saladi ya dengu iliyokaa kwenye friji ikiwa imefunikwa inafaa mpaka kesho yake. Chuja maji, ipashe kwenye kikaango na kitunguu kidogo, iviringishe ndani ya chapati pamoja na yai, na watoto wana kifungua kinywa na chakula cha kubeba shule kwa mkupuo. Viazi vya siki vikivurugwa na yai na unga wa dengu vinakuwa katlesi. Maharage yenye mahindi ya kuchoma yaongezee maji, nyanya na tui, na utakuwa na supu ya jioni. Ila saladi iliyokwisha kutiwa mtindi, mayonezi au dagaa iliwe siku ile ile, na kilichobaki kwenye sahani za watu kisirudishwe bakulini.